Jumapili Usiku, Majestic

Nyumba za Mji Mkongwe zimepimwa kwa boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi, basi fundi aliyejenga jumba la ghorofa tatu alilazimika kulikata vyumba virefu vyembamba, hata kama mwenye jumba alikuwa tajiri wa karafuu. Sisi wenyeji tumekulia katika wembamba huo. Ngazi nyembamba, vichochoro vyembamba, na ukikutana na mkokoteni huna budi kupanda kwenye baraza la mtu mpaka upite. Ukiacha misikiti, kwa muda mrefu hapakuwa na mahali ambapo mtu asiye na cheo wala nasaba angeingia, akaketi chini ya paa moja na mamia ya watu asiowajua, bila nguzo ya kumkinga macho. Mahali hapo palipopatikana, palikuwa sinema.

Ninazozikumbuka mimi ni tatu: Majestic ya Vuga, Empire, na Cine Afrique ya Malindi. Hakuna hata moja inayoonesha picha tena. Ninayoisikitikia zaidi ni Majestic, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na heshima kubwa, na kwa kuwa kuta zake bado zimesimama. Kilichozikwa hulilii kila siku. Kilichosimama mbele yako kimekufa nusu, kila ukipita kinakuliza upya.

Mwanzo wake ni mwaka 1921. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga pale jumba lililoitwa Royal, na mchoro ulikuwa wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyependa kuba na matao. Ukitazama leo Mahakama Kuu ya Vuga na makumbusho ya Beit al-Amani, unauona mkono wake. Mimi jambo hili hunipa faraja na uchungu kwa pamoja: mtu yule yule aliyechora mahakama ndiye aliyechora sinema. Jumba la burudani lilihesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya heshima, likapewa kiwanja katika barabara ya heshima, si uchochoroni nyuma ya maghala.

Royal ikaja kuitwa Majestic. Katika miaka ya 1950 moto uliliteketeza jumba, na badala yake likajengwa jingine lililochorwa na Dayaji Pitamber Sachania. Lilifunguliwa 1955. Hili la pili halikuwa na kuba. Lilifuata mtindo uliokuwa mpya siku zile katika miji ya Bahari ya Hindi, mistari iliyonyooka, uso usio na nakshi za maua, jina limesimama juu kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Kinachonigusa katika habari hii ni ile haraka. Jengo liliungua, likainuliwa tena katika muda mfupi, na kwa fedha za watu waliojua kuwa kila wiki viti vitajaa. Linganisha na sasa. Paa lilipoporomoka zamu hii, tumehesabu masika baada ya masika, na mvua inaingia mpaka mahali palipokuwa na viti vya mbele.

Kwetu ni Kikwajuni. Kwenda Majestic ilikuwa ni kukata Mnazi Mmoja, kupita pembeni ya uwanja, kisha kuipanda Vuga. Safari ya dakika chache tu kwa miguu, lakini ilikuwa safari ya kuoga, kupiga pasi na kujipaka mafuta. Jumapili usiku ndiyo iliyokuwa usiku wenyewe. Siku nyingine za wiki vijana walikwenda kuangalia picha za ngumi na za makauboi, wakakaa viti vya chini vya bei nafuu, wakamshangilia stelingi na kumtukana adui kwa sauti. Jumapili ilikuwa ya familia. Baba na kanzu iliyonyooka, mama na buibui jipya na udi unaomtangulia, watoto wa kike na riboni, watoto wa kiume na viatu vinavyobana. Waliokaa juu walishuka wakati wa mapumziko, wakasimama barazani wanazungumza na waliokaa chini. Utani ulipita, habari za wagonjwa zilipita, posa ziliulizwa pale kwa mafumbo. Ukitaka kujua nani amerudi kutoka Pemba au Mombasa, au nani amepata mtoto, Jumapili usiku ungejua kabla ya Jumatatu asubuhi.

Tiketi ilikuwa kazi. Picha kubwa ya Kihindi ikitangazwa, dirisha lilifunguliwa asubuhi na foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Walanguzi walikuwepo, vijana wepesi walionunua tiketi kumi kumi na kuziuza jioni kwa bei ya juu, na kina baba waliokasirika kweli kweli walilipa vivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kurudi nyumbani kumwambia mkewe aliyekwishavaa kwamba tiketi zimekwisha. Nilikuwa mdogo nikidhani bei ya tiketi inapanda pamoja na mwezi.

Na palikuwa na bango. Lilikaa mbele, penye kivuli, limegawanywa sehemu tatu: leo, kesho, na inayokuja. Sehemu ya tatu ndiyo iliyotusimamisha. Picha za leo na kesho tulikwishazijua, tulizisikia kwenye gari la matangazo lililozunguka Ng'ambo na kipaza sauti, tulizibishania skuli. Lakini ile inayokuja ilikuwa ahadi. Sura ya mwanamke aliyetazama pembeni machozi yakimlengalenga, mwanamume na farasi, jina kwa herufi zilizoinama, basi, na sisi tukatunga hadithi yote kutokana na hayo. Mara nyingi hadithi zetu zilikuwa ndefu kuliko filamu. Wiki nzima ya maisha yetu iliegemea pale. Mtoto aliyeugua aliambiwa atapona kabla ya picha kufika. Aliyefanya vibaya skuli alitishwa kuikosa.

Awara ya Raj Kapoor ilitoka India 1951, kabla sijazaliwa, nami nimeiona Majestic kama iliyotoka jana, kwa maana picha zilizopendwa zilirudi tena na tena. Mother India nayo ilirudi, na kila iliporudi mama yangu alilia mahali pale pale. Zilikuja za Misri pia, na wazee waliosoma Kiarabu chuoni walikwenda kumsikiliza Farid al-Atrash kwa utulivu kama watu waliokwenda darasani. Kihindi hatukukijua. Lakini nyimbo tuliziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetuuliza maana, kwa kuwa maana tuliiona kwenye nyuso. Baba anamfukuza mwanawe bila kumjua, mama anachagua kati ya mtoto na haki, maskini anapenda mtoto wa tajiri: ni habari za kwetu hizo, zimevishwa sari. Siku chache baadaye ungeusikia muziki ule ule umeingia kwenye taarabu, umetiwa maneno ya Kiswahili. Klabu ya Culture ina nyumba yake hapo hapo Vuga, na ukipita jioni wakati wa mazoezi ulisikia fidla zikitafuta sauti zilizotoka kwenye filamu ya juzi.

Kina mama walikuwa na maonyesho yao ya mchana, ya wanawake peke yao. Bibi yangu, ambaye kiume na kike hakuchanganya hata kwenye mazishi, alikwenda. Hili watu wanaoizungumzia Zanzibar ya zamani kutoka mbali hulisahau. Wanadhani mwanamke wa buibui alifungiwa ndani hadi alipokuja mtu kumfungulia mlango. Bibi alikuwa na kiti anachokipenda na rafiki wa kukaa naye, walipeana njugu na visheti katika giza, na alirudi nyumbani akatusimulia filamu nzima kwa mikono na macho, akiwa yeye ndiye mama mkwe mkorofi, yeye ndiye bibi harusi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania kilichotoka 2018, ameyaonesha haya vizuri kwa kuwasikiliza wazee wenyewe. Nilipokisoma nilifurahi, nikahuzunika pia kwamba wengi waliokuwa na ya kusimulia wamekwishatangulia mbele ya haki.

Siku hizi kijana anabonyeza simu na picha inatoka, na ni vigumu kumweleza ile kazi iliyokuwa nyuma yetu, juu, ndani ya kile chumba chenye tundu mbili. Mwendesha mashine mmoja wa zamani aliwahi kunieleza hatua kwa hatua. Filamu ya Kihindi ya saa 3 ilifika ndani ya makopo mengi ya bati, mazito. Mashine zilikuwa mbili, zikipokezana. Mwanga haukutoka kwenye globu, ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribishwa kwa uangalifu hadi moto mweupe ukaruka kati yao, na ilimbidi avisogeze mara kwa mara kwa sababu vilikuwa vinaungua. Ukanda ulipita mbele ya moto huo picha 24 kila sekunde. Ulipokaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Akiiona ya kwanza anawasha mashine ya pili, akiiona ya pili anabadilisha. Akichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi. Na kama filamu moja ilioneshwa kwenye majumba mawili usiku mmoja, palikuwa na kijana wa baiskeli. Kopo likimalizika huku, analifunga nyuma na kukanyaga pedali kwenda kule, kisha anarudi kufuata jingine. Tairi likipasuka, familia nzima nzima zilikaa gizani zikimsubiri kijana mmoja atokee Darajani. Hatukukasirika sana. Tulikuwa pamoja, na njugu zilikuwepo.

Ilikufaje? Wengi husema televisheni. Ni kweli Zanzibar ilitangulia. Mapema katika miaka ya 1970 tulikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, wakati wenzetu wa Bara walingoja hadi 1994. Lakini mimi nakumbuka miaka ambayo watu walitazama televisheni kwenye vituo vya mitaani Jumamosi, na Jumapili wakaenda Majestic vile vile. Televisheni haikuivunja sinema. Iliyoivunja ni kukosekana kwa kitu kipya kwenye ile sehemu ya tatu ya bango.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi za Kihindi na Kiarabu zilihama, na kati yao walikuwemo wenye biashara ya filamu na wateja wa viti vya juu. Kisha uagizaji na usambazaji wa filamu kwa nchi nzima ukawekwa chini ya Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa 1968. Nia ilikuwa njema, nchi ijitawale hata katika kile inachokitazama. Ila filamu hununuliwa kwa fedha za kigeni, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, nchi haikuwa na fedha za kigeni za mafuta na dawa, sembuse za nyimbo. Zikarudi zile zile, zimechanika, zimeungwa kwa gundi, zinaruka kutoka mvua hadi harusi bila maelezo. Vipuri vya mashine havikupatikana. Viti vilivyovunjika havikuungwa. Halafu biashara ilipofunguliwa zikaingia deki za video, na mtu mmoja mwenye ndugu Dubai au Maskati aliweza kuipata filamu mpya ya Bombay kabla ya sinema. Akawaita jirani, jirani wakajaa sebuleni. Sebule ile upana wake ni boriti moja.

Nasema kwa masikitiko, kwa sababu naona tumerudi pale. Leo vijana wa mjini wanatazama mpira kwenye vibanda vya mabati, wamebanana, wamelipia kiingilio, wanashangilia vizuri sana. Baada ya mpira kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Filamu anayoitazama ni nzuri pengine kuliko zote nilizoziona mimi, na amelala ubavu peke yake anaitazama. Sijapata kumsikia mtoto wa kizazi hiki akinisimulia filamu kwa mikono na macho.

Miaka yake ya mwisho Majestic ilionesha video kwa watazamaji wachache, sauti ikigonga kuta tupu. Kisha ikafungwa. Kisha paa likaanguka. Paa la sinema si paa la nyumba: halina nguzo za kati, limebebwa na vyuma kutoka ukuta hadi ukuta, na chumvi ya bahari yetu hula chuma bila kupumzika. Likiachwa bila rangi na bila mtu wa kupanda juu kuziba nyufa, halitoi ilani ndefu. Mji huu umekwishaonywa kwa njia chungu zaidi: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka mchana kweupe ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote pwani yetu, liko ndani ya mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Kama lile limeanguka, nani atalipigania jumba la Vuga ambalo watalii hawalijui?

Sitaki mtu aelewe kwamba Zanzibar haina burudani. Inayo, tena ya kusifika ulimwenguni. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza 1998 kama tamasha la nchi za majahazi, limeleta kiwamboni filamu za Afrika, Uarabuni, Uajemi na India ambazo hata Majestic katika enzi zake isingezipata. Sauti za Busara ilianza 2004, na kila Februari inakusanya wanamuziki wa bara zima. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa 2002, kimefundisha watoto wa mitaani kwetu ganuni na udi wakati tulipodhani vyombo hivyo vitakufa na wazee. Nimewasikia watoto hao wakipiga, nikamshukuru Mungu.

Na matamasha yote mawili yamekaa Ngome Kongwe, mahali panapostahili. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17 juu ya kanisa la Wareno. Imepata kuwa gereza, ikawa ghala wakati wa kujengwa reli ya Bububu, na 1949 ua wake ukawa uwanja wa michezo wa klabu ya wanawake. Katika miaka ya 1990 zikajengwa ngazi za mawe za kukalia, mviringo, chini ya mbingu. Nimekaa pale usiku wa Julai, upepo wa kusi unaupuliza mwale wa mashine, filamu inaanza na adhana ya Isha imetoka kumalizika, na moyo umefunguka kama zamani. Bi Kidude, kabla hajafariki Aprili 2013, nilimwona akipanda jukwaa la Ngome na ngoma yake kiunoni, na wageni wasiojua neno moja la Kiswahili wakasimama wote. Sitasahau.

Lakini tamasha ni mgeni. Linakuja na vitambaa vyake, linakaa siku nne au wiki, linakusanya mataa na kuondoka. Februari mji hautoshi, Machi jukwaa limefungwa. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni, na waandaaji wanastahili shukrani kwa hilo, na vile vile kwa zile filamu zinazopelekwa vijijini Unguja na Pemba wakati wa tamasha. Hata hivyo mama wa Kikwajuni mwenye watoto wanne hapangi wiki yake kwa tamasha. Anasikia sauti za muziki zikivuka Mnazi Mmoja, anajua kuna jambo mjini, anaendelea kukaanga mihogo. Ratiba imetoka kwenye simu, imeandikwa kwa lugha ya waliokuja kwa ndege, na hakuna gari lililopita mtaani kwake kumwambia njoo, hili ni lako.

Sinema ilikuwa mwenyeji. Tofauti yote iko hapo, nami sioni njia ya kuipunguza. Watu hawakwenda Majestic kwa sababu filamu ya wiki ile ilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa mbovu, na tulijua. Walikwenda kwa sababu ni Jumapili. Msanii hukua mbele ya watu wanaorudi. Anayepiga mara moja kwa mwaka mbele ya umati mkubwa hapati kujua kosa lake, kwa kuwa umati umetawanyika na hatauona tena. Anayepiga kila Alkhamisi mbele ya mia mbili wale wale ataambiwa Ijumaa sokoni kwamba wimbo wa tatu ulilegea. Taarabu yetu ililelewa hivyo. Ikhwani Safaa, walioanza 1905, hawakufika hapa walipo kwa kusubiri Februari.

Ndiyo maana hofu yangu kubwa kwa Majestic si kwamba itaanguka. Nahofia itatengenezwa vizuri, kisha isiwe yetu. Jumba la simu za kimataifa la Shangani ni hoteli. Mambo Msiige ni sehemu ya hoteli. Hoteli zinaajiri vijana wetu, na siwezi kuziombea mabaya. Ila kila jengo kubwa likiwa mahali pa kulala wageni, wenyeji watabaki na vyumba vya boriti moja, na uwanja wa Forodhani jioni. Wapo watu, wakiwemo wa jumuiya ya Hifadhi Zanzibar, wanaohangaika ili Majestic irudi kuwa sinema na ukumbi wa sanaa. Nawaombea kila la heri, na ningependa wasikie neno kutoka kwa mmoja wa waliokaa kwenye vile viti.

Paa kwanza, bila shaka. Chuma cha kuhimili chumvi, na mfuko wa fedha wa kulipaka rangi kila baada ya miaka michache, uwekwe kabla ya utepe kukatwa. Mashine za kaboni zimekwisha wakati wake na sizililii, picha ya kidijitali ni safi na mwendesha mashine hataunguza vidole. Lakini pawe na jukwaa la kweli mbele ya kiwambo, lenye chumba cha wasanii kubadilishia nguo, kwa maana tangu enzi ya Royal jumba lilikuwa la wote, wa kwenye kiwambo na wa kusimama kwa miguu yao. Na kabla ya hayo yote mtu aandike ratiba ya wiki, si ya mwaka. Jumanne mchana wapewe wanawake, na milango ilindwe na wanawake. Jumatano wapewe wanafunzi wa skuli kwa maigizo yao, maana watoto wa Zanzibar wanaigiza vizuri na hawana pa kuigizia ila chini ya mwembe. Alkhamisi Culture na Ikhwani wapokezane. Idd zote mbili picha zianze asubuhi mpaka usiku, watoto waje na senti zao za mkono wa Idd kama tulivyokuja sisi. Viti vya chini bei iwe ya muuza urojo, viti vya juu bei iwe ya mgeni, na barazani wakutane.

Filamu za kuonesha zipo. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Ni hadithi ya mapenzi na siasa katika Zanzibar ya miaka ya 1950, yaani miaka ile ile ambayo Majestic ilikuwa ikiinuka kutoka kwenye majivu yake. Imeoneshwa Toronto, imezunguka miji ya ulimwengu. Wazee walioishi wakati ule wamebaki wachache Kikwajuni, Malindi na Vikokotoni, na wengi wao hawawezi tena kukaa kwenye ngazi za mawe usiku wa upepo. Hao ndio wangeweza kutuambia wapi mtengenezaji amepatia na wapi amekosea, nani alivaa vile na nani hakuvaa, wimbo gani ulipigwa mwaka ule. Wahitaji kiti chenye mgongo, na jumba lililo karibu na nyumbani.

Basi hiyo ndiyo iwe ya kwanza, Jumapili, saa tatu za usiku. Gari lipite Ng'ambo siku tatu kabla. Dirisha la tiketi liwe barabarani, lifunguliwe asubuhi, lipokee fedha taslimu na si simu peke yake, na bango la mbele lianze tayari kuonesha picha ya Jumapili ya pili.